Mnada wa Vizibo: Kumpima Mtoto wa Awali Akiwa Mchezoni

Ukipita nje ya darasa la awali asubuhi, iwe Manyoni, Ikungi au Kiomboi mkoani Singida, utasikia sauti moja kubwa: ba, be, bi, bo, bu. Mwalimu anaelekeza fimbo ubaoni, watoto wanaitikia kwa nguvu zote. Inapendeza kusikia. Lakini mwite mmoja pembeni, mwoneshe "bo" peke yake, bila "ba" na "be" kuitangulia, na huenda akakutazama tu. Wimbo alikuwa anaujua. Herufi hazijui.

Kuitikia kwa pamoja kunamficha mtoto. Anayejua na asiyejua wanafumbua midomo kwa wakati mmoja, na mwalimu anatoka darasani akiamini somo limeeleweka. Mtihani nao hausaidii sana, maana mtoto wa miaka 5 akiitwa mbele ya mtu mzima aliyeshika kalamu nyekundu huweza kunyamaza hata kama jibu analo. Kati ya hayo mawili kuna njia ya tatu, nayo ni mchezo uliopangwa: mtoto anapata zamu yake mwenyewe, hana hofu, na mwalimu anaona jambo moja analolijua au asilolijua. Mchezo usiopangwa unafurahisha, na watoto wanauhitaji, ila haupimi chochote.

Mwalimu wa awali hapaswi kuona haya kupima kwa njia hii. Mtaala wa elimu ya awali ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016 haukumwekea mtoto huyu mtihani. Ulimtaka mwalimu amtazame akiwa kazini, ajaze orodha hakiki na kutunza kazi zake kwenye mkoba. Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutumika Januari 2024, nayo inashikilia kujifunza kwa vitendo na michezo. Kinachokwamisha ni idadi. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na mwalimu wa kijijini anayefundisha watoto 70 chini ya paa moja anajua vizuri umbali uliopo kati ya kiwango hicho na benchi lake. Kwa hiyo mwongozo huu umeandikwa kwa kumfikiria yeye: mwenye watoto wengi, muda mfupi, na zana alizookota.

Kabla ya mchezo wowote, ijulikane lugha ya nyumbani kwa mtoto. Singida ni mkoa wa lugha nyingi. Wapo Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu, Wagogo upande wa Manyoni, Wataturu na Wasukuma wanaofuata malisho, na Wahadzabe wa Mkalama, karibu na bonde la Eyasi. Mtoto anaweza kuanza Januari akiwa hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Akishindwa kujibu swali la hadithi, hujui bado kama hakuelewa hadithi au hakuelewa lugha. Ukurasa wa kwanza wa daftari la mwalimu uwe na safu mbili tu: jina la mtoto, na lugha anayoongea na bibi yake. Safu hiyo ya pili itaokoa watoto wengi wasiitwe wazito.

Anza na masikio, siyo macho. Mtoto asiyeweza kusikia kwamba neno lina vipande hatapata faida kubwa kwa kuoneshwa herufi. Mchezo wa makofi unatosha: mwalimu anataja kitu, mtoto anapiga kofi moja kwa kila silabi. A-li-ze-ti, makofi manne. Ndi-zi, mawili. Hapa mwalimu mwenyewe ajiandae, kwa sababu Kiswahili kina mitego yake. Neno "mtu" lina silabi mbili, m-tu, ingawa watoto wengi hulipigia kofi moja. Neno "mbuzi" nalo lina mbili, mbu-zi, ingawa limeanza na herufi hiyohiyo ya m. Na "kitunguu", zao linalojulikana na kila mtoto wa Singida, lina nne: ki-tu-ngu-u. Mtoto akipiga makofi matatu hapo usimhesabie kosa kubwa. Irabu mbili zinazofuatana humezwa na masikio ya wengi. Kumpima kwa haki, tumia kwanza maneno mepesi kama baba, meza, sahani, kisha ndipo uje kwenye mitego.

Wakishazoea makofi, weka kapu katikati lenye vitu vya nyumbani: kikombe, kijiko, kiazi, mwiko, sabuni, sahani. "Nipe kitu kinachoanza na ki." Mtoto anayekuletea kijiko amesikia. Anayekuletea mwiko huenda ameisikia "ko" ya mwishoni kama "ki" (zinakaribiana masikioni mwake), au ameleta tu kilichokuwa karibu. Rudia mara moja kwa sauti nyingine. Akileta sabuni kwa "sa", basi ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Kanuni ni kutomhukumu mtoto kwa jibu moja, la kupata wala la kukosa.

Sasa mnada. Watoto wa Singida wanaufahamu mnada kuliko mchezo wowote wa dukani. Wamewaona wazazi wao wakitandaza bidhaa chini na wachuuzi wakipaza sauti. Okota vizibo vya soda 20, vioshe, ubandike karatasi ndani na kuandika herufi moja kwa makapeni. Mtoto mmoja ndiye muuzaji, anatandaza vizibo kwenye kiroba. Mwingine ni mnunuzi. Bei ya kizibo ni sauti yake: anayetaka b anasema sauti ya b, siyo "be" kama tunavyotaja alfabeti, na kizibo kinakuwa mali yake. Asichoweza kukilipia kinabaki mnadani. Mwalimu ameketi pembeni na daftari, anaandika vilivyobaki.

Jambo dogo linaloharibu mchezo huu ni umbo la kizibo chenyewe. Kizibo ni duara, hakina juu wala chini. Kikigeuka, n inakuwa u, d inakuwa p, m inafanana na w. Mtoto anasoma alichokiona, na anasoma sawasawa, halafu anaandikiwa kosa. Chora kimstari chini ya kila herufi na uwafundishe watoto kwamba mstari ni ardhi, herufi inasimama juu yake. Hilo lifanyike kabla ya siku ya kupima.

Usitandaze herufi zote kwa mkupuo. Kumi zinatosha, zikiwa zimechanganywa kwa makusudi: zile za wiki iliyopita, mbili tatu za zamani, na jozi zinazowachanganya, yaani b na d, m na n. Kisha sikiliza namna anavyokosea, kwa sababu makosa hayafanani. Anayesema "be" badala ya sauti amefundishwa nyumbani kuimba alfabeti. Huyo anahitaji siku chache tu. Anayeita d kwa sauti ya b anazijua sauti zote mbili, macho yake ndiyo hayajatulia. Mpe mchanga na kidole, achore b kubwa mara kadhaa akianzia na mstari uliosimama. Anayenyamaza kabisa mbele ya herufi sita kati ya kumi hajafika hapo. Mrudishe kwenye irabu na michezo ya masikio. Ukiandika "amekosa" kwa wote watatu, kesho utawapa dawa moja kwa maradhi matatu.

Kuna na yule anayesema "lula" kwa rula, au "karamu" kwa kalamu. Kubadilishana kwa l na r ni jambo la kawaida katika midomo iliyokulia kwenye lugha nyingine za Kibantu. Jaribu hivi: taja sauti mwenyewe, na mtoto achague kizibo. Akichukua r uliposema r, herufi anaijua. Matamshi yatakuja kwa kusikia na kuongea, na hayapaswi kuingia kwenye safu ya kusoma.

Wakati wa kupima, usifundishe. Ni agizo gumu kwa mwalimu mwenye moyo, kwa sababu mtoto akisita, jibu linamtoka mwenyewe mdomoni. Jizuie. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo, kisha mwambie achague kizibo kingine. Upimaji wa stadi za awali za kusoma unaofahamika kwa kifupi cha EGRA, ulioanza kutengenezwa mwaka 2006 na taasisi ya RTI ya Marekani na kufanyika Tanzania nzima mwaka 2013, una kanuni ya huruma inayofaa kuazimwa: mtoto akikosa herufi zote 10 za mstari wa kwanza, zoezi husimamishwa kwa upole na kuhamia lingine. Mnadani fanya vivyo hivyo. Akikosa nne mfululizo, mwachie zile anazozijua azinunue zote, aondoke na vizibo mkononi. Mtoto aliyeondoka mikono mitupu hatakuja mnadani kesho.

Watoto wengine wako wapi muda huo? Swali hili ndilo linalowakatisha tamaa walimu wengi. Wasiwe karibu kiasi cha kunong'ona majibu, maana watoto husaidiana kwa nia njema kabisa. Wagawe kwenye kona: hawa wanacheza mdako kwa kokoto, wale wanachora mchangani, wengine wanapanga mbegu za alizeti kwa makundi. Yupo mlezi au mzazi wa kujitolea, akae nao. Pima watoto 5 kwa siku, baada ya uji, siyo kabla. Kwa wiki ni 25. Darasa la watoto 75 linakwisha kwa wiki tatu, na kila mmoja amepata dakika zake tano au sita akiwa na mwalimu uso kwa uso, jambo ambalo wengi wao hawajawahi kulipata.

Baada ya herufi kunakuja kuunganisha. Chora miraba sita kwenye vumbi la uwanja na kila mmoja uandikwe silabi: ma, ji, ka, ta, la, mu. Singida hunyesha msimu mmoja, takribani Novemba hadi Aprili, hivyo darasa linapoanza Januari uwanja huwa na matope. Siku hizo chora ndani kwa chaki, au tandaza viroba sakafuni. Mwalimu anasema "maji", mtoto anaruka ma kisha ji. Baadaye geuza: mwalimu anaonesha miraba kwa fimbo, mtoto anasoma neno lililotokea. Huko kugeuza ndiko kunakopima kusoma. Kule kwa kwanza kunapima kusikia na kutambua.

Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri atakuzidi ujanja hapa. "Mama" anaijua kwa sura, kama anavyoijua nembo ya soda, bila kusoma m wala a. Dawa yake ni neno lisilo na maana, mbinu ambayo wapimaji wa kitaalamu nao wanaitumia. Mwambie kuna mbuzi mgeni kijijini, jina lake limeandikwa kwenye miraba: ji, ka. Anaitwa nani? Mtoto anayesema "Jika" amesoma, kwa kuwa hakuna mahali alipolisikia jina hilo. Hakikisha tu neno lako la kubuni halina maana isiyofaa katika lugha ya watoto. Muulize mwenzako mzawa wa eneo kabla hujalitumia.

Mtego wa sura unaonekana pia kwenye majina. Andika jina la kila mtoto kwenye kipande cha boksi, uvitandaze asubuhi mezani, kila aingiaye achukue lake na kulitundika kwenye kamba ya mahudhurio. Kwa wiki mbili mwalimu atajua nani anatambua jina lake. Kisha aweke Juma na Jumanne bega kwa bega. Juma akichukua Jumanne, alikuwa anatazama J tu. Na pakiti za dukani zifanyiwe hivyohivyo: mtoto akisoma "chumvi" kwenye pakiti, mwandikie neno hilo kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi tupu. Bila rangi na picha, bado anaisoma?

Hadithi ndiyo mchezo wa mwisho na ndiyo wenye uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Kusoma herufi bila kuelewa si kusoma. Simulia kisa kifupi cha sungura na fisi, dakika tatu hazizidi, kisha gawa vinyago vya udongo au fimbo zilizofungwa vitambaa, na mtoto aigize. Ndani ya maigizo uliza mambo matatu: lililosemwa wazi (fisi alikwenda wapi?), sababu (kwa nini sungura alikimbia?), na linaloweza kufuata (unadhani kesho fisi atafanya nini?). La tatu halina jibu moja, na hapo ndipo utasikia mtoto anavyofikiri. Akinyamaza kwa Kiswahili, mwombe mwenzake au mlezi amwulize kwa Kinyaturu au Kinyiramba. Yupo atakayemwaga hadithi yote kwa lugha yake, pamoja na maneno ya fisi. Huyo ana ufahamu kamili. Kilichopungua ni msamiati wa Kiswahili, na mpango wake ni nyimbo, maongezi na picha, wala siyo kurudia herufi a.

Wengi watauliza kuhusu vishikwambi. Mfano mkubwa upo hapahapa nchini. Kati ya 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vyenye michezo ya Kiswahili katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, kwa takribani watoto 3,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kukaa darasani. Walijifunza kwa miezi 15 bila mwalimu, na wengi walipiga hatua. Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, zikagawana dola milioni 10. Ila kujua kama watoto wamejifunza kweli, hawakuachiwa vishikwambi vijisemee: mtu aliketi na mtoto, akamwonesha herufi na maneno, akasikiliza. Shule yenye umeme wa jua na kishikwambi kimoja ikitumie kama kona mojawapo. Isiyo nacho haijapungukiwa na uwezo wa kupima.

Uwezo, utafiti wa majumbani ulioanza Tanzania mwaka 2010, ulithibitisha jambo hilo kwa njia nyingine. Watu wa kujitolea waliingia nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi yenye ngazi chache tu, kuanzia silabi, maneno, aya hadi hadithi, na nchi nzima ikapata picha iliyowashtua wazazi na wakubwa. Ngazi chache zilizo wazi zina faida kuliko fomu ya vipengele arobaini isiyojazwa.

Hivyo daftari lisiwe na mambo mengi. Kila mtoto mstari mmoja, na safu tano: masikio, herufi, kuunganisha, jina, hadithi. Alama ziwe tatu. Vema kwa anayeweza peke yake, nukta kwa anayeweza akisaidiwa, kistari kwa ambaye bado. Pembeni acha nafasi ya maneno machache: "b/d", "anaelewa Kinyiramba", "husogeza kadi karibu na macho". Hilo la mwisho lisipuuzwe. Trakoma imesumbua kanda ya kati kwa miaka mingi, na mtoto anayeshindwa herufi ubaoni lakini anazijua zikiwa mkononi anahitaji zahanati. Vilevile anayekosea michezo ya masikio peke yake, hasa akiitwa kutoka nyuma, apimwe masikio.

Ijumaa, tazama safu kutoka juu kwenda chini. Ikiwa vistari vimejaa kwenye safu moja kwa darasa zima, somo ndilo halikueleweka, na Jumatatu lirudiwe kwa njia nyingine. Vikiwa kwa watoto wanane, hao wanane wana kona yao wiki ijayo, dakika kumi kila siku. Walimu walio kwenye shule zinazofikiwa na mpango wa Shule Bora, unaofadhiliwa na Uingereza katika mikoa 9 ukiwemo Singida, wana vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Daftari hili lipelekwe huko, wenzako wajaribu kulisoma bila maelezo yako. Wasipolielewa, alama zako bado ni zako peke yako.

Wazazi nao waambiwe, na namna ya kuwaambia ni kazi nzito kama kupima kwenyewe. Mzazi wa Singida atauliza, "Amekuwa wa ngapi?" Usimpe namba. Mwite, mtandazie vizibo, mtoto anunue mbele yake. Mama anayeuza mafuta ya alizeti barabarani ataona kwa macho yake herufi saba alizolipia mwanawe na tatu zilizobaki, na ataondoka na hizo tatu kwenye mfuko wa kanga. Asiyejua kusoma naye anaweza kupiga makofi ya silabi akimenya vitunguu, au kusimulia hadithi kwa lugha yake. Mtoto asitajwe mbele ya wenzake kuwa ameshindwa, wala vizibo visiwekwe kwenye orodha ya washindi ukutani.

Desemba, mstari wa kila mtoto unakiliwa na kukabidhiwa kwa mwalimu wa darasa la kwanza, pamoja na mkoba wenye kazi mbili au tatu zenye tarehe. Kwa familia zinazohama na mifugo, nakala ipewe mzazi mkononi kabla ya kuondoka, ikiwa na jina la shule na mwezi wa kupimwa mara ya mwisho, ili mwalimu atakayempokea mtoto Itigi au Tabora asianze naye kwenye a.